Shaba, Mukuba na Sehemu ya Moli: Historia ya Kupima Kilichomo katika Jiwe la Kinsevere

Swali la kwanza aulizwalo mchimbaji wa Katanga, awe fundi wa tanuri wa karne zilizopita au mfanyakazi wa mtambo wa leo, ni moja: jiwe hili lina shaba kiasi gani? Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Majibu yake, hata hivyo, ni mawili, na hayalingani. Anayepima kwa mizani atasema kwamba malakiti, lile jiwe la kijani lililoipa nchi hii sifa yake, lina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake. Anayehesabu atomu atasema kwamba shaba iliyomo ni moja katika tano tu. Wote wawili wamesema kweli. Makala haya yanafuatilia historia ya njia hizo mbili za kupima, kwa kuutumia mgodi wa Kinsevere kuwa mfano, na yanachungulia pia namna Kiswahili kilivyozibeba njia hizo, au kilivyoziacha mlangoni.

Kinsevere iko kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, katika eneo la utawala la Kipushi. Mgodi wake ni wa mashimo ya wazi. Kampuni ya Anvil Mining ilianzisha uzalishaji hapo mwaka 2007 kwa mtambo uliotenga mawe mazito na mepesi. Mwaka 2011 ulianza kazi mtambo mkubwa zaidi, uliokusudiwa kutoa tani 60,000 za shaba safi kwa mwaka kwa kutumia asidi na umeme. Mwaka 2012 mgodi ulinunuliwa na kampuni ya MMG, ambayo mwenye hisa nyingi zaidi ndani yake ni shirika la China Minmetals. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, kampuni hiyo ilitangaza upanuzi wa mgodi kwa ajili ya kushughulikia mawe ya aina nyingine, yenye salfa, yaliyoko chini ya yale ya kijani, na kutoa kobalti pamoja na shaba. Ni badiliko hilo la jiwe, kutoka la kijani kwenda la salfa, linaloyafanya majibu mawili ya swali la kwanza yagongane waziwazi.

Jina na kilichotajwa

Kabla ya kupima, yafaa kujua kinachopimwa kinaitwaje. Katika lugha za wenyeji wa kusini ya Katanga, pamoja na Kisanga na Kibemba, metali hii ni mukuba, na neno hilo limo pia katika Kiswahili cha Lubumbashi. Watu wa pwani husema shaba. Mwaka 1971, katika harakati za kubadili majina zilizoigeuza Kongo kuwa Zaire, mkoa wa Katanga nao ulipewa jina la Shaba, ukabaki nalo mpaka 1997. Hivyo nchi ya mukuba ikaitwa kwa neno la Kiswahili lililotoka bandarini.

Neno hilo lina historia inayohusu makala haya moja kwa moja. Asili yake ni Kiarabu, shabah, lililotaja shaba iliyochanganywa na kitu cha kuifanya iwe njano. Iliitwa hivyo kwa sababu ilishabihi dhahabu, na kitenzi cha Kiswahili -shabihi kimetoka katika mzizi ule ule. Kwa maneno mengine, shaba lilianza kuwa jina la mchanganyiko. Lilipoingia katika Kiswahili liliipokea metali yenyewe pamoja na mchanganyiko wake, na ndiyo maana wasemaji wa pwani huhitaji rangi ili kutofautisha: shaba nyekundu ni metali halisi, shaba nyeupe au ya njano ni ile iliyochanganywa na zinki. Lugha imepima mchanganyiko kwa jicho. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, maana rangi ya shaba iliyotiwa zinki hubadilika hatua kwa hatua kadiri zinki inavyozidi, na mfua metali mzoefu huweza kusoma mengi katika rangi hiyo. Lakini jicho halitoi namba.

Mukuba, kwa upande wake, halikuhitaji rangi. Walioliita hivyo walitoa kutoka tanurini metali iliyokaribia kuwa safi, nao hawakuwa na desturi ya kuichanganya na bati wala zinki. Lugha mbili zilikutana juu ya kitu kimoja, moja ikiwa imezoea mchanganyiko na nyingine imezoea kitu kitupu.

Walaji wa mukuba

Mafundi hao waliitwa walya mukuba, yaani walao shaba, kwa maana ya wale ambao shaba huwapatia riziki. Jina hilo lilijulikana Ulaya kutokana na maandishi ya Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto wa Katanga, yaliyotoka mwaka 1926. Ushahidi wa kazi yao ni wa kale kuliko maandishi yoyote. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia miaka ya 1957 na 1958, zilipatikana shaba zilizosubiwa katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo, mikubwa kwa midogo, ilikuwa mali na baadaye ikaelekea kuwa fedha. Mingine ilifika mbali, hadi Ingombe Ilede katika bonde la Zambezi. Vipimo vya kikemia vya miaka ya karibuni vimeihusisha mingi kati yake na miamba ya ukanda wa shaba wa Katanga na Zambia. Picha ya misalaba mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga, 1960 hadi 1963.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Malakiti ilichimbwa katika vilima visivyoota miti, kwa kuwa udongo wenye shaba nyingi huua mimea mingi na kuiachia nafasi ile michache inayoustahimili. Tanuri ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukachochewa kwa mivukuto ya ngozi, na makaa yakawa ya miti migumu ya miombo. Mambo mawili yalitokea humo ndani. Kwanza joto liliivunja malakiti, ikatoa mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksidi, ikabaki oksidi nyeusi ya shaba. Kisha hewa ya kaboni monoksidi iliyotoka katika makaa iliinyang'anya oksidi hiyo oksijeni yake, na shaba ikayeyuka, jambo linalohitaji nyuzi 1085 za Selsiasi.

Fundi alijua kwamba jiwe hupungua. Leo inaweza kuhesabiwa kwamba kati ya kilo 100 za malakiti tupu, kilo 28 huondoka kama maji na hewa kabla shaba haijaanza kutoka, na kilo nyingine kiasi cha 14 ni oksijeni inayochukuliwa na makaa. Kinachobaki ni kilo 57 na nusu. Hakuna jiwe la mlimani lililo malakiti tupu, na sehemu ya shaba ilipotea katika mavi ya tanuri. Kwa hiyo fundi hakuiona namba hiyo kamwe. Hata hivyo, alijua ni vikapu vingapi vya jiwe la kilima fulani vingempa msalaba mmoja. Huo nao ni upimaji wa kilichomo, wenye kizio chake na wenye kumbukumbu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 M'siri, mfanyabiashara aliyetoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, alijenga dola yake Bunkeya na kuitawala biashara hiyo mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke wake walikuwa mafundi wa kuvuta shaba kuwa nyuzi. Katika njia zile zile misafara ya pwani ilileta masango ya shaba ya njano kutoka viwanda vya ng'ambo. Hivyo mukuba mtupu ulikwenda pwani na mchanganyiko ukaja bara, na wachuuzi wa pande zote mbili waliviuza kwa neno moja.

Jiwe la kijani na hesabu ya korija

Wakati huo, Ulaya, jiwe la kijani lilikuwa limekwisha kuwa kiini cha ubishi. Mwaka 1799 Mfaransa Joseph Louis Proust, aliyekuwa akifundisha Hispania, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya shaba. Alikuwa amelinganisha kabonati ya shaba iliyochimbwa ardhini na ile aliyoitengeneza mwenyewe katika maabara, akaona kwamba zote mbili zina viungo vile vile kwa uzito ule ule. Iwapo maumbile na mwanadamu hufikia uwiano mmoja, alihoji, basi uwiano huo umewekwa na sheria. Mpinzani wake alikuwa Claude Louis Berthollet, aliyefuatana na msafara wa Napoleon uliofika Misri mwaka 1798, na huko maziwa ya magadi yakamfanya afikiri upya juu ya viungo vinavyosukumana kwa wingi wao. Berthollet alishikilia kwamba uwiano huweza kuteleza, akatoa mifano ya vioo, miyeyusho na metali zilizochanganywa.

Proust alishinda, na vitabu vya shule humtaja kama mshindi. Lakini ubishi wao ulizaa kitu chenye thamani kuliko ushindi: ulilazimisha wanakemia kutenga msombo na mchanganyiko. Katika msombo, kama malakiti, uwiano wa elementi haubadiliki. Katika mchanganyiko, kama shaba ya njano, uwiano ni wa hiari ya fundi. Mifano ya Berthollet ilikuwa sahihi, ila ilihusu kitu kingine. Na pale uwiano unapoweza kuteleza ndipo panapohitajika kipimo cha kusema umeteleza mpaka wapi.

Kipimo hicho kilichelewa. Ilibidi kwanza John Dalton aeleze mwaka 1808 kwamba kila elementi ina atomu zenye uzito wake. Kisha Amedeo Avogadro adai mwaka 1811 kwamba hewa za ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina molekuli za idadi sawa. Kisha Stanislao Cannizzaro awashawishi wenzake, katika mkutano wa Karlsruhe wa mwaka 1860, kwamba Avogadro alikuwa na haki. Katika miaka ya 1880 François-Marie Raoult alionyesha kwamba kitu kikiyeyushwa katika maji au kiowevu kingine, mvuke wa kiowevu hicho hupungua kwa kadiri ya idadi ya molekuli za kilichoyeyushwa. Uzito wake hauna neno. Mwishoni mwa karne hiyo Wilhelm Ostwald alilipa jina fungu la kuhesabia, Mol, ndiyo moli. Moli iliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1971, mwaka ule ule Katanga ilipoitwa Shaba, na tangu tarehe 20 Mei 2019 ni idadi iliyowekwa barabara: vitu 6.02214076 × 10²³.

Msomaji aliyelelewa karibu na maduka ya pwani hana sababu ya kuiogopa namba hiyo. Wachuuzi wa nguo walihesabu kwa korija, yaani vipande ishirini. Korija ya shuka na korija ya mikeka hazilingani uzito, wala hakuna aliyetazamia zilingane, zinalingana idadi. Mzigo wenye korija tatu za shuka na korija moja ya mikeka una mikeka robo, hata kama mikeka hiyo inazidi shuka zote kwa uzito. Robo hiyo ndiyo sehemu ya moli. Hupatikana kwa kugawa idadi ya moli za kiungo kimoja kwa jumla ya moli za viungo vyote. Haina kizio, huanzia sufuri na kuishia moja, sehemu za viungo vyote zikijumlishwa hutoa moja, na joto likipanda au kushuka haibadiliki, tofauti na vipimo vinavyotegemea ujazo wa kiowevu, kwa kuwa viowevu hutanuka.

Shaba na mchanganyiko wake ni mahali pazuri pa kuona faida ya hesabu hiyo. Moli ya shaba ina uzito wa gramu 63.5, ya zinki gramu 65.4, ya bati gramu 118.7. Shaba ya njano yenye zinki asilimia 30 kwa uzito ina zinki yenye sehemu ya moli 0.294, tofauti ni ndogo kiasi cha kutoonekana, kwa sababu atomu za metali hizo mbili zinakaribiana uzito. Shaba iliyotiwa bati asilimia 10 kwa uzito ni habari nyingine: sehemu ya moli ya bati ni 0.056 tu. Atomu ya bati ni nzito, hivyo chache zinatosha kuujaza mkono wa mizani. Mtu anayetaka kujua kwa nini bati kidogo huifanya shaba iwe ngumu sana ataanza kwa kuhesabu ni atomu ngapi za shaba zimepata jirani mgeni.

Mgodi na mitambo yake

Sasa jiwe la Kinsevere lirudi mezani. Malakiti ina, kwa kila atomu mbili za shaba, kaboni moja, oksijeni tano na hidrojeni mbili. Jumla ni kumi, na shaba ni mbili: sehemu 0.20, ingawa kwa uzito ni asilimia 57.5. (Mambo yakihusu elementi ndani ya msombo, wanakemia husema sehemu ya atomu, hesabu ni ile ile.) Jiwe la salfa lililo mashuhuri kupita yote ni kalkopiriti, yenye shaba moja, chuma kimoja na salfa mbili. Kwa uzito ina shaba asilimia 34.6. Kwa hesabu ya atomu ina robo nzima, 0.25. Kwa hiyo, anayepima atasema kwamba kutoka malakiti kwenda kalkopiriti ni kushuka. Anayehesabu atasema ni kupanda. Malakiti inaonekana tajiri mizanini kwa sababu imeisindikiza shaba yake na hidrojeni, kaboni na oksijeni, ambazo ni nyepesi. Kalkopiriti imeisindikiza na chuma na salfa.

Yaweza kuulizwa kama mgodi unajali. Katika shughuli za kupima jiwe kabla ya kulichakata, haujali, na una sababu nzuri. Ili kupata asilimia ya uzito inatosha kuijua shaba yenyewe na uzito wa jiwe zima. Ili kupata sehemu ya moli ni lazima kukitambua kila kitu kingine kilichomo, mchanga, dolomiti, chuma, maji, hata punje ya mwisho, kwa maana kila kimoja kina moli zake na zote huingia katika jumla. Jiwe la mlimani halikubali kujulikana hivyo. Kwa sababu hiyo, tangu tanuri ya Union Minière ilipotoa shaba yake ya kwanza Lubumbashi tarehe 30 Juni 1911, hadi kutaifishwa kwa migodi mwaka 1967 na baada yake, daftari za Katanga zimeandikwa kwa asilimia za uzito, na malipo yamefuata daftari.

Mara jiwe linapotumbukizwa katika pipa la asidi, mizani hunyamaza na hesabu huanza. Moli moja ya malakiti, gramu 221, hudai moli mbili za asidi ya salfa, gramu 196, na hutoa moli mbili za shaba iliyoyeyuka. Kiowevu cha buluu kinachopatikana ni kitu ambacho Waswahili walikijua zamani na kukitumia kama dawa kali ya vidonda: ni mrututu. Tatizo ni mwamba unaoishika malakiti. Miamba ya ukanda huu ina dolomiti nyingi, na moli moja ya dolomiti, gramu 184, hula nayo moli mbili za asidi, bila kurudisha shaba hata chembe. Kilo kwa kilo, basi, dolomiti ni mlafi kuliko malakiti yenyewe. Mhandisi anayesoma asilimia ya shaba peke yake atashangazwa na gharama ya asidi. Anayehesabu moli za kila mlaji hatashangazwa.

Kutoka hapo shaba husafishwa kwa kuhamishiwa katika mafuta maalumu na kurudishwa katika maji yenye asidi, halafu umeme huigandisha juu ya mabamba. Hapo pia ni hesabu: kila atomu ya shaba hudai elektroni mbili, na tani moja ya shaba ina moli zipatazo 15,700. Uzuri wa mpango huu ni kwamba shaba inapotoka, asidi iliyotumika kuiyeyusha huzaliwa upya na kurudishwa kazini. Ile iliyoliwa na dolomiti hairudi.

Kuhusu maji na asidi, mfano mmoja unatosha. Kilo 18 za asidi zikitiwa katika kilo 82 za maji, mtu atasema asidi ni karibu moja katika tano. Moli ya asidi, hata hivyo, ina gramu 98 na ya maji ina 18. Sehemu ya moli ya asidi ni 0.039, yaani karibu moja katika 26. Kila molekuli ya asidi imezungukwa na molekuli 25 za maji, na ujirani huo ndio unaoamua tabia ya kiowevu: kinavyochemka, kinavyopitisha umeme, kinavyolishika jiwe.

Jiwe la salfa halikubali asidi kirahisi. Huchomwa kwanza, na salfa yake, ambayo Kiswahili cha kale kiliita kiberiti, huelekea kupanda kama hewa ya dioksidi ya salfa. Hapa kipimo cha moli kinaingia hata pasipo kutajwa, kwa sababu ya Avogadro: katika hewa, sehemu ya ujazo na sehemu ya moli ni kitu kimoja. Lubumbashi inaijua hewa hiyo. Kwa miongo mingi bomba refu la kiwanda cha mji lilitoa moshi uliosukumwa na pepo za kusini-mashariki, na upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda miti ilikauka na udongo ukabaki uchi, wenye shaba, risasi na metali nyingine juu yake. Watafiti wa chuo kikuu cha mji huo wamelichunguza eneo hilo kwa miaka. Katika mpango mpya wa Kinsevere hewa ya tanuri hukusanywa na kugeuzwa asidi, na asidi hiyo hupelekwa katika mapipa yale yale. Ili mtambo wa namna hiyo ufanye kazi ni lazima kujua, saa kwa saa, katika kila molekuli mia za hewa inayotoka tanurini, ngapi ni za salfa. Moshi uliokuwa hasara ya majirani umekuwa hesabu ya kiwanda.

Neno na mfuko

Haya yote, kwa wanafunzi wa Lubumbashi, yamefundishwa kwa Kifaransa. Kiswahili kilikuwa lugha ya karakana na kambi za wafanyakazi tangu siku za Union Minière, na Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa moja ya lugha nne za taifa. Lakini kilipewa amri na majina ya vyombo, hakikupewa hesabu. Upande wa Tanzania, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kutokana na jitihada za namna hiyo Kiswahili kimezoea atomu, molekuli, elementi na msombo. Kwa dhana inayojadiliwa hapa, sehemu ya moli ndiyo tafsiri inayofaa. Sehemu ni neno la darasani kwa namba iliyo chini ya moja, na hubeba wazo la kipande cha kitu kizima. Uwiano haufai: uwiano hulinganisha kiungo na kiungo, shaba na zinki, wala haugusi jumla. Kosa la kuyachanganya maneno hayo mawili si dogo, kwa kuwa katika mzigo wa korija uliotajwa uwiano wa mikeka kwa shuka ni theluthi, na sehemu ya mikeka ni robo.

Kwamba tofauti kama hiyo ina bei, wachimbaji wadogo wanajua. Tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilipotambua kazi yao katika maeneo maalumu, maelfu yao katika Katanga nzima wameuza mawe kwa mifuko, na bei ya mfuko imetegemea mambo mawili: uzito, na teneur, neno la Kifaransa waliloliacha kama lilivyo. Teneur husomwa kwa chombo cha mkononi ambacho vituoni huitwa Metorex, kwa jina la kiwanda cha Finland kilichokuwa kikivitengeneza. Chombo hupiga jiwe kwa miale na kusoma mwangwi wake. Kinaiona shaba, kobalti na chuma. Hidrojeni, kaboni na oksijeni ni nyepesi mno, hakizioni. Kwa hiyo hutoa asilimia ya uzito, na hakiwezi kueleza shaba hiyo imefungwa katika msombo gani. Malalamiko ya wachimbaji kwamba namba inayosomwa na mnunuzi ni ndogo kuliko namba ya jiwe ni ya siku nyingi, na mara nyingi hawana chombo cha pili cha kusuluhisha. Mtu aliyepewa namba asiyoweza kuihesabu upya hana la kufanya ila kuikubali au kuubeba mfuko wake.

Kuna kato lingine, la unyevu. Mnunuzi hukisia maji yaliyomo katika mfuko na kuyaondoa katika uzito kabla ya kulipa, na katika majira ya mvua kato hilo huwa zito. Ni haki maji ya mvua yaondolewe. Lakini malakiti ina maji mengine, yasiyo ya mvua: moli moja ya jiwe hilo hubeba viungo vya moli moja kamili ya maji, kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, na hayo yamekwisha kuhesabiwa ndani ya asilimia 57.5. Jua la Julai, likiukausha mfuko mwezi mzima, haliyapunguzi. Huondoka tanurini peke yake, pale walya mukuba walipoyaona yakipanda kama mvuke mweupe kabla ya jiwe kugeuka jeusi.